Vijiko Kumi na Tatu: Niliyojifunza Kuhusu Vitamini za Maji na Vidonge

Sisimizi ndio walioanza kuigundua. Chupa nilikuwa nimeiweka juu ya friji, kizibo hakikubana vizuri, asubuhi nakuta msafara umetokea dirishani, umepanda ubavuni mwa friji mpaka shingoni mwa chupa, pale dawa inapochuruzika na kuganda. Nikawafuta kwa kitambaa, nikaosha kizibo kwa maji ya moto, nikanywa kijiko changu kama kawaida. Wala sikujiuliza kwa nini wadudu wa sukari wameipenda hivyo dawa ya kuongeza damu niliyoinunua shilingi 18,000.

Nilikuwa na mimba ya pili, ya miezi mitano. Kliniki walinitoboa kidole kupima wingi wa damu, wakasoma 9.4, nesi akaandika kwenye kadi kwa kalamu nyekundu. Kwa mjamzito, chini ya 11 kwa kawaida huhesabiwa kuwa upungufu wa damu. "Mama, vidonge unakunywa?" Nikajibu nakunywa. Hakunyanyua hata uso. Nadhani jibu hilo analisikia mara arobaini kwa siku.

Ukweli ni kwamba vidonge vilikuwa kwenye droo ya kabati la vyombo, pakiti nne hazijafunguliwa. Nilivijaribu wiki moja tu. Namezea asubuhi tumbo likiwa tupu, kama nilivyosikia wenzangu wanafanya, nusu saa baadaye nipo uani nimeinama, mdomoni ladha kama nimelamba msumari. Siku nisiyotapika, choo kinafunga. Nikaviacha. Ila kila mwezi nilipokea vingine kliniki kwa heshima zote, nikaenda kuviongezea kwenye droo.

Chupa aliileta wifi yangu. Alikuwa ameingia kwenye biashara ya virutubisho, ile ya kwenda semina Jumamosi na kurudi na mabegi. Akaketi, akanywa maji, akanieleza: "Wifi, vidonge vinapita tu. Choo chako si cheusi ukimeza? Basi hicho ndicho kidonge chenyewe, kimetoka kama kilivyoingia. Ya maji inaingia kwenye damu moja kwa moja. Mwili unachukua asilimia 98. Kidonge asilimia 10." Ile 98 aliitaja kwa uhakika wa mtu anayetaja umri wa mwanawe. Mimi niliyekuwa natafuta sababu ya kutogusa ile droo, sikuuliza swali hata moja.

Na nitasema haki yake: ilikuwa tamu. Nyekundu kama juisi ya rozela, haichefui, haifungi choo, choo chenyewe kikabaki na rangi yake. Nikaona hiyo ndiyo dalili kwamba yote imeingia mwilini. Kijiko asubuhi, kijiko jioni, mwezi mzima, chupa ya pili ikafika nusu. Nikarudi kliniki kifua mbele. Wakatoboa kidole. 9.1.

Siku hiyo zamu ilikuwa ya nesi mwingine, mama wa makamo, wa wale wanaokusoma kabla hujafungua mdomo. Nikamwambia ukweli wote, mpaka habari ya droo. Akasema, "Hiyo chupa unayo?" Nilikuwa nayo kwenye mkoba. Akaipokea, mbele hakutazama kabisa, akaigeuza mgongoni, akasukuma miwani juu, akanipa nisome mwenyewe yale maandishi madogo kuliko punje za ulezi. Chuma, miligramu 5 kwa kila mililita 5.

Akachukua kidonge kimoja kutoka kwenye kopo lake. "Hiki kimeandikwa 200, lakini hiyo ni chumvi yote. Chuma chenyewe humo ndani ni kama miligramu 65. Mwanangu, 65 ukigawa kwa 5 unapata ngapi?"

"Kumi na tatu."

"Basi ukitaka hii chupa ikufanyie kazi ya kidonge kimoja, kunywa vijiko kumi na tatu kwa siku. Ina mililita 200, itakwisha siku ya tatu. Utaiweza?"

Elfu kumi na nane kila baada ya siku tatu. Nilicheka kwa aibu. Yeye hakucheka.

Shirika la Afya Duniani linashauri mjamzito apate chuma miligramu 30 hadi 60 kila siku, pamoja na asidi ya foliki mikrogramu 400, na huo ni mpango wa kuzuia upungufu. Mimi niliyekwisha kupungukiwa nilikuwa najipa 10. Ningeinywa dawa hiyo kwa kijiko, kwa kikombe au kwa mrija, ingebaki kuwa 10.

Kuanzia siku hiyo, mtu akiniuliza kati ya vitamini za maji na vidonge kipi bora, naomba kwanza picha ya mgongo wa chupa. Mbele ya chupa pana mwanamke anatabasamu na matunda yamekatwa nusu. Hiyo sehemu aliiandika mwenye duka lake. Nyuma ndiko kuna hesabu, na wengi tunailinganisha vibaya. Pakiti moja inataja uzito wa chumvi ya chuma, nyingine inataja chuma chenyewe, wewe unaona 200 na 15 unadhani umeshapata jibu. Ferasi salfeti miligramu 200 iliyokaushwa ina chuma kama 65. Ferasi fumarati ya 200 ni karibu hiyo hiyo. Ferasi glukoneti ya 300, ambayo namba yake ni kubwa kuliko zote, ina chuma kama 35 tu. Kisha angalia imeandikwa kwa kiasi gani: kwa kijiko cha 5, kwa kikombe cha 15, au kwa mililita 100. Kuna chupa nilipewa dukani imeandikwa kwa 100, namba zinapendeza kweli, kumbe dozi yake ni kijiko kimoja.

Turudi kwenye ile asilimia 98, maana bado inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp, na kila anayeileta anadhani imetoka kwenye kitabu cha madaktari. Haiwezi kuwa kweli, na huhitaji maabara kuliona hilo. Inaongea kana kwamba virutubisho vyote ni kitu kimoja. Mwili haufanyi hivyo. Kila kirutubisho kina mlango wake na bawabu wake.

Chukua chuma. Mwili wa binadamu hauna njia ya kukitoa chuma kilichozidi, kwa hiyo unakidhibiti mlangoni, mwanzoni mwa utumbo mwembamba. Ini linatoa homoni iitwayo hepsidini. Ikipanda, mlango unafungwa, ikishuka, unafunguliwa. Mtu mwenye damu kidogo au mjamzito anafunguliwa zaidi, aliyeshiba chuma anafungiwa. Kinachopita kwa kawaida ni sehemu ndogo ya ulichomeza. Angetokea mtu kweli akatengeneza chuma kinachoingia kwa asilimia 98 bila kujali hali ya mwili, hiyo ingekuwa sumu.

Vitamini C nayo ina tabia yake. Ukila kiasi cha kawaida, tuseme miligramu 30 mpaka 180 kwa siku, mwili unachukua kama asilimia 70 hadi 90. Ukipandisha ukafika gramu moja na zaidi, inashuka chini ya nusu, nyingine inaishia kwenye mkojo. Inakuwa hivyo hata kwenye kidonge cha bei rahisi. Vitamini B12 inapokelewa na protini maalumu ya tumboni ambayo ikibeba kama mikrogramu mbili kwa mara moja imechoka. Na A, D, E na K zinataka mafuta. Ukizinywa asubuhi na chai ya rangi kavu, ziwe za maji au za kidonge, umezinyima usafiri.

Lakini kidonge si lazima kiyeyuke kwanza? Ndiyo, na hapo ya maji inatangulia. Inatangulia kwa dakika. Jioni ile nilivyotoka kliniki nilikuwa na hasira na hamu ya kujua, nikaweka kidonge kimoja kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu, nikakaa nacho mezani na simu. Dakika ya pili rangi ikaanza kuchuruzika. Ya tano, ganda likachanika pembeni. Ya kumi na mbili nikakitikisa kidogo, kikaanguka chote kikawa tope chini ya kikombe. Mwanangu mkubwa akaniuliza kama napika. Viwanda hufanya jaribio la namna hiyo kwa vipimo vyao: kidonge kisicho na ganda kinatakiwa kimeguke ndani ya dakika 15 kwenye maji ya joto la mwili. Vyenye ganda vinapewa muda zaidi. Kwa hiyo kidonge kilichotengenezwa vizuri hakipiti kizima tumboni. Kilichotengenezwa vibaya au kilichokaa mwaka juani kinaweza, na ndiyo maana ya kununua palipo na leseni na kutazama tarehe.

Na ule weusi wa choo? Ni mabaki ya chuma ambacho mlango haukukipokea. Ya maji yenye chuma cha kutosha nayo inaleta weusi vilevile. Yangu haikubadilisha kitu kwa sababu humo ndani hakukuwa na kitu cha kutosha kubadilisha. Nilichokisifia mwezi mzima ndicho kilichokuwa kinanipa taarifa.

Yule nesi alinirudisha kwenye droo, ila alinipangia upya. Kidonge kikahamia usiku, baada ya chakula cha jioni, kabla ya kulala. Tumbo tupu linachukua chuma zaidi, alisema, lakini kidonge unachokitapika hakina faida yoyote. Kichefuchefu kikipita nikiwa nimelala, mimi nitajuaje? Chai ikaondoka karibu na chakula. Hili lilinigharimu kuliko yote, maana kwetu bila chai mezani mtu anahisi hajala. Chai na kahawa zinakamata chuma na kukizuia, maziwa pia, kwa hiyo ziwe mbali kwa saa moja au mbili. Maji ya ndimu au chungwa yakakaa mahali pake, maana vitamini C inakisaidia chuma kupita. Maji mengi, papai na mchicha kwa ajili ya choo.

Kisha akaniangalia mkononi. "Na hiyo pemba?" Nilikuwa nimeishika, ule udongo wa kutafuna, nimenunua getini wakati naingia. Wenzangu mnaojua utamu wake mkiwa wajawazito hamna haja ya maelezo. Kutamani udongo au barafu mara nyingi kunaendana na upungufu wa chuma wenyewe, na udongo nao ukikaa tumboni unaweza kukinasa kile kidogo unachokula. Kuuacha nilichukua wiki mbili, na kuna siku nilitafuna kwa kujificha.

Wiki tano baadaye damu ilisoma 10.3. Nilipokaribia kujifungua ilikuwa 11.2.

Sisemi kidonge kina miujiza. Kuna watu ambao kukimeza kila siku kunawashinda kabisa. Mwaka 2017 watafiti wa Zurich, Uswisi, walichapisha kazi waliyoifanya kwa wanawake wenye akiba ndogo ya chuma, wakaona kwamba waliomeza siku moja na kuruka moja walichukua sehemu kubwa zaidi ya kila dozi kuliko waliomeza kila siku, kwa sababu dozi ya leo inaipandisha ile hepsidini, mlango unakuwa mzito kesho. Wale hawakuwa wajawazito, hivyo mjamzito asijipangie mwenyewe. Ila ukimwambia daktari kwamba unashindwa, anazo njia: kupunguza, kuruka siku, kubadilisha aina ya chumvi, hata kukuandikia ya maji yenye kipimo cha tiba. Hizo za maji zenye kipimo zipo na zinafanya kazi. Mimi nilichokunywa kilikuwa sharubati yenye harufu ya chuma.

Pia si kila damu kidogo ni njaa ya chuma. Malaria inashusha damu. Minyoo ya safura inanyonya damu utumboni, ndiyo maana wajawazito hupewa dawa ya minyoo kliniki baada ya miezi mitatu ya kwanza. Mwenye selimundu damu yake inashuka kwa sababu nyingine kabisa, na akijimiminia chuma bila kipimo anaweza kujidhuru. Ukiona umekunywa mwezi na nusu ipasavyo na namba haisogei, acha kubadilisha chupa, karudi ukapimwe sababu.

Sasa niwe mkweli kwa upande wa pili, maana nyumbani kwangu leo zipo chupa mbili za maji, na nilizinunua mwenyewe nikiwa na akili timamu.

Moja ni ya mtoto. Mtoto wa mwaka mmoja huwezi kumwambia ameze kidonge, atakabwa. Matone ndiyo dawa yake, na hapo maji hayana mpinzani. Shida yake ni kijiko. Nesi alinikataza kijiko cha jikoni, nikadhani ni ukali tu, mpaka siku niliyochukua bomba la sindano lisilo na sindano nikapima vijiko vyetu vitatu vya chai. Kimoja kilibeba mililita 3 na nusu, kingine 5 kamili, na kile kizuri tunachowapa wageni kilibeba 7. Kwa sukari kwenye chai ni sawa. Kwa dawa ya mtoto wa kilo tisa, mmoja anampa nusu ya anachompa mwenzake, na wote wanasema "kijiko kimoja". Tumia bomba au kikombe kilichokuja na chupa. Kikipotea, famasi nyingi watakupa bomba kwa bei ya pipi. Chuma cha maji kinatia meno weusi, hivyo peleka nyuma ya ulimi, mpe maji baadaye, mswaki usiku. Weusi huo unaondoka, lakini shangazi zako watauliza mno.

Chupa ya pili ni ya mama yangu mzazi, aliyepata kiharusi miaka miwili iliyopita. Kumeza kunamsumbua. Vidonge vilikuwa vinamganda kooni, anakohoa mpaka machozi, mwisho akawa anavificha chini ya mto. Hapo sikuangalia bei. Tulimweleza mfamasia, akatafuta ya maji yenye vipimo vya kueleweka, na mtaalamu akatuonyesha namna ya kumkalisha wima na kumpa kidogo kidogo, kwa sababu kwa watu wa kiharusi hata maji mepesi yanaweza kupita njia ya hewa. Wazo la kusaga kidonge na kuchanganya na uji muulize mfamasia kwanza. Vingine ganda lake lina kazi.

Kinachonifurahisha ni kwamba vituo vya afya walishalitatua hili zamani bila kelele. Mtoto akiharisha anapewa zinki, kidonge. Lakini unakiweka kwenye kijiko chenye maji safi au maziwa ya mama, kinayeyuka mbele ya macho yako, unampa. Miligramu 20 kwa siku, nusu yake kwa aliye chini ya miezi sita, siku 10 mpaka 14, pamoja na maji ya chumvichumvi, yale ya pakiti ya ORS. Shirika la Afya Duniani lenyewe linapendelea vidonge vya namna hii kwa watoto kuliko sirapu, kwa sababu havivunjiki njiani, ni vyepesi kusafirisha, havihitaji sehemu kubwa ya kuhifadhia, na kila kimoja kina kipimo chake, kijiko cha wageni hakiingilii. Na Juni na Desemba, wale wanaopeleka watoto kupata vitamini A, mmeona kinachofanyika: kile kidude cha bluu kwa wa miezi 6 hadi 11, chekundu kwa waliotimiza mwaka mpaka chini ya miaka mitano, nesi anakata ncha kwa mkasi, anakamulia mafuta mdomoni. Kidonge au maji? Mtoto hajui, ila anajua ni kibaya, analia.

Joto nalo. Haya maneno sikuyajua mpaka chupa ya mtoto ilipobadilika rangi Februari, mwezi ambao Dar es Salaam jikoni kwangu hata siagi inakuwa mafuta. Vitamini zikiwa zimeyeyushwa kwenye maji zinachakaa haraka kuliko zikiwa kavu. Vitamini C ndiyo dhaifu kuliko zote, hewa, mwanga na joto vinaimaliza. B1 na foliki nazo zina shida zake kwenye maji. Kidonge kwenye pakiti yake kinavumilia. Chupa ukiifungua, saa imeanza kuhesabu, na tarehe ya chini ya kopo inahusu chupa iliyofungwa. Mimi sasa naandika kwa kalamu ya wino mzito siku niliyofungua, naangalia lebo inasema miezi mingapi, naiweka kabatini mbali na jiko. Juu ya friji ni mahali pabaya. Mgongo wa friji unatoa joto, na wale sisimizi wanapajua.

Mengine nayapitia haraka. Sukari ipo nyingi kwenye chupa hizi, mwenye kisukari asome kabla. Zile zisizo na sukari zina sobitoli mara nyingi, ambayo tumbo la wengine linaijibu kwa kuharisha. Baadhi ya toniki zina kilevi ndani, kidogo lakini kipo, na mjamzito au asiyetumia kwa imani yake ana haki ya kujua. Vile vidonge vikubwa vya kutumbukiza kwenye glasi vikachemka povu vina sodiamu nyingi ndani ya hilo povu. Baba mkwe ana presha, alikuwa anakunywa kimoja kila asubuhi kwa sababu "kinachangamsha", huku chumvi ya mezani tumemnyima mwaka wa tatu.

Hili moja silipitii haraka. Chuma kinaua watoto wadogo. Vidonge kumi tu vya kuongeza damu vikiingia kwenye tumbo la mtoto wa kilo kumi ni hatari ya maisha, na sirapu tamu nyekundu mtoto anainywa kama juisi akiipata. Ukihisi amekunywa, mkimbize hospitali na chupa mkononi, hata kama anacheza, maana kuna kipindi anaonekana amepata nafuu ilhali ndani hali inaharibika. Ile droo yangu isiyo na komeo, yenye pakiti nne, pamoja na mtoto wa miaka mitatu nyumbani wakati ule, mpaka leo nikikumbuka nasisimkwa.

Na mjamzito asirundike. Kidonge cha kliniki, juu yake toniki ya wifi, juu yake mafuta ya ini la samaki aliyoleta jirani. Vitamini A ikizidi, tuseme zaidi ya yuniti 10,000 kwa siku, inaweza kumdhuru mtoto tumboni, na mafuta ya ini yanayo nyingi. Foliki ndiyo ya kuwahi, tena kabla ya mimba yenyewe ikiwezekana, kwa sababu uti wa mgongo wa mtoto unafunga ndani ya wiki nne za mwanzo, wengi hatujajua hata kama tuna mimba. Ndiyo inayopunguza mgongo wazi. Mikrogramu 400, kidonge kidogo tu, bei yake huwezi kupandia bodaboda.

Mtu mzima mwenye afya, anayekula dagaa, maharage, mboga za majani, matunda na kipande cha ini mara mojamoja, akiniuliza anunue ya maji au ya vidonge, namwambia anunue maini. Wengine wananuna.

Wifi bado anauza. Hatujagombana, ndiye aliyenibebea mtoto wodini siku ile, na biashara ni ya kusomesha watoto, naielewa. Sikukuu iliyopita alikuja na chupa mpya, ya nywele na kucha, kijani safari hii. Kabla hajaketi nilishainyakua nimeigeuza, natafuta miwani. Akaniangalia, akavua viatu taratibu. "Wifi," akasema, "niache basi ninywe maji kwanza."